Dawa Izuiayo Damu Kuganda

Katika somo la Bayolojia twajifunza ya kuwa damu huganda ili jeraha lifunge. Mtu akijikata kwa jembe, baada ya dakika chache damu hukoma. Lakini damu ikiganda ndani ya moyo ni hatari kubwa.

Jambo hili hutokea mapigo ya moyo yanapopoteza mpangilio. Vyumba vya juu vya moyo havikazi sawasawa, ila hutetemeka tu. Damu hutuama kama maji ya dimbwi, na hatimaye huganda. Bonge hilo likifika ubongoni, mgonjwa hupata kiharusi. Kwa vijana wa Afrika Mashariki, sababu mojawapo kubwa ni homa ya baridi yabisi ya utotoni, iletwayo na ugonjwa wa koo usiotibiwa, ambayo huharibu vali za moyo.

Wagonjwa hao hupewa warfarini. Asili yake yatuhusu sisi wa nchi ya wafugaji. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Marekani na Kanada walikufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani ya klova yaliyooza. Mwaka 1933 mkulima mmoja alimpelekea Karl Paul Link, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, damu ya ng'ombe isiyoganda. Link na wenzake wakaigundua sumu ile, na kwa njia hiyo ikapatikana warfarini, iliyotumika kwanza kuua panya mwaka 1948, kisha kutibu wanadamu tangu 1954.

Basi, sumu yawezaje kuwa dawa? Tofauti ni kiasi. Warfarini huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huitumia kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Ikiwa kidogo mno, kiharusi chaja. Ikizidi, damu huvuja hata ubongoni. Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR. Asiyetumia dawa huwa na 1 hivi; mgonjwa huyu kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2 na 3.

Zipo dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho. Lakini utafiti wa INVICTUS, uliotangazwa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kwamba kwa wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi, dawa za jamii ya warfarini ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani. Kwa hiyo wagonjwa wetu hawana budi kuizoea dawa hii ya zamani pamoja na kipimo chake.

Ikiwa nyumbani kwenu yupo aitumiaye, mkumbushe haya:

1. Aimeze saa ile ile kila siku. Wengine wakiona fizi zatoka damu huitupa dawa. Hao hukimbia damu wakakutana na kiharusi. Shauri ni la daktari.

2. Asinunue aspirini, diklofenaki, Flagyl wala dawa za mitishamba bila kuuliza.

3. Mchicha na matembele yana vitamini K. Asiyaache, ila ale kwa kadiri moja kila juma.

4. Akiona choo cheusi kama lami au mkojo mwekundu, aende hospitali mara moja. Na afanyaye kazi machimboni ajihadhari zaidi, kwani pigo la kichwa laweza kuvujisha damu ndani isionekane nje.

Maswali: (a) Kwa nini damu hutuama moyo unapotetemeka? (b) INR ya 5 yaonyesha hatari gani? Na INR ya 1?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne