Kikundi Kinaponunua Laptopu

Katika somo hili tutazungumza juu ya laptopu, ile kompyuta ya kukunja ambayo mtu anaibeba kwa mfuko. Vikundi vingi tunavyotembelea, vya akina mama, vya vijana na vya wakulima, vimechoka na madaftari. Akiba imekua, mikopo imekuwa mingi, na mkaguzi akija anapoteza siku nzima akitafuta kurasa zilizolowa mvua. Basi mkutano unapitisha: tununue kompyuta. Halafu tunaulizwa, "Tununue gani?"

Swali hili si dogo. Pesa zenyewe ni za watu wanaoweka shilingi mia au mia mbili kwa wiki. Tena laptopu ya kikundi itabeba majina, nambari za vitambulisho na madeni ya kila mwanachama, na mwenye kushika ufunguo wake ameshika kikundi chote. Hasara kubwa tulizoziona vijijini hazikuletwa na mashine mbovu. Zililetwa na mashine nzuri ambayo hakuna aliyeweza kuifungua baada ya katibu kuhama.

KAZI KWANZA

Kabla mtu hajapanda matatu kwenda mjini, kikundi kiandike kwenye karatasi ni kazi gani itafanywa. Kwa vikundi vingi ni hesabu za akiba na mikopo, barua, kumbukumbu za mikutano, kusoma barua pepe, kuchapisha kwa printa, na pengine mkutano wa video na wafadhili mara moja moja. Kazi hizi hazihitaji mashine ya nguvu sana. Vijana wakisema wanataka ya kutengeneza video au kucheza michezo, hiyo ni mashine nyingine na bei nyingine, na mkutano uulize ni nani atalipa tofauti.

Karatasi hiyo ibebwe mpaka dukani. Muuzaji ataanza kusifu rangi, wembamba, na kibandiko kilichoandikwa i7. Ninyi mnamwonyesha karatasi.

NAMBARI ILIYO NDANI

Laptopu nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu Nairobi, kwenye maduka ya Moi Avenue na Luthuli Avenue na kwingineko, zimeshatumika ng'ambo. Watu huziita "ex-UK". Nyingi zilikuwa za maofisi, kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell au EliteBook za HP. Hatuoni ubaya wowote ndani ya jambo hilo. Mashine ya ofisi hutengenezwa imara, na fundi hupata vipuri vyake kwa urahisi. Kwa maoni yetu ni afadhali hiyo kuliko laptopu mpya kabisa ya bei ya chini yenye RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64 iliyoganda ndani isiyoweza kuongezwa. Hiyo mpya ina karatasi za nailoni na harufu nzuri, lakini baada ya masasisho machache inajaa, kisha inatambaa kama konokono.

Shida ya hizi zilizotumika ni umri. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10. Mashine inaendelea kuwaka, lakini bila marekebisho ya usalama mlango wa wezi unabaki wazi, na ndani yake mna hesabu za watu. Kwa hiyo tafuteni inayokubali Windows 11 kihalali. Hapa ndipo nambari ya prosesa inapoingia.

Kwa prosesa za Intel za miaka hiyo, angalieni tarakimu zinazofuata kile kistari. i5-6300U ni ya kizazi cha 6. i5-8250U ni ya kizazi cha 8. i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Windows 11 hutaka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Mnaona basi kwamba i7 ya kizazi cha 4 ni mzee aliyevaa suti, na i3 ya kizazi cha 10 ni kijana wa kazi. Msinunue hiyo "7" bila kuuliza kizazi. Prosesa za AMD zina majina ya mtindo mwingine. Kwa hizo mwambieni muuzaji afungue programu ya bure ya Microsoft inayoitwa PC Health Check, itajibu yenyewe.

Jihadharini na jambo moja. Mafundi wanajua njia ya kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani. Kwa hiyo kuiona kwenye skrini si ushahidi kwamba mashine inastahili. Microsoft haiahidi kuwa mashine kama hiyo itaendelea kupata masasisho. Kibandiko cha nje nacho si ushahidi, kwa maana kibandiko hubanduliwa na kubandikwa. Fungueni Settings, halafu System, halafu About, msome wenyewe.

Mengine ni mepesi. RAM iwe GB 8. Diski iwe ya aina ya SSD, si ile ya zamani inayozunguka, na GB 256 zinatosha kikundi kwa miaka mingi, maana hesabu na barua hazichukui nafasi. Kati ya prosesa kubwa yenye diski ya kuzunguka na prosesa ya kawaida yenye SSD, chukueni ya pili bila kusitasita.

Kama kikundi tayari kina laptopu ya kizazi cha 6 na hakina pesa, msiitupe. Linux Mint ni mfumo wa bure unaofanya kazi vizuri kwenye mashine za namna hiyo. Sharti letu ni moja tu: awepo mtu wa karibu anayeujua, wa kuitika mkikwama.

BETRI NA MAJARIBIO MENGINE

Stima yetu tunaijua. Betri ndiyo faida ya laptopu juu ya kompyuta ya mezani, na ndiyo kitu cha kwanza kuchoka. Muuzaji akisema "inakaa masaa manne," mwambieni kwa upole afungue Command Prompt na kuandika powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza ripoti. Ndani yake tafuteni mistari miwili: Design Capacity, yaani betri ilivyozaliwa, na Full Charge Capacity, yaani inavyoweza kujaa leo. Kama ilizaliwa na 50,000 na leo inajaa 30,000, imebaki asilimia 60. Hiyo ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei au kubadilishiwa betri kabla ya kulipa.

Jaribu la pili husahauliwa na karibu kila mtu. Laptopu iliyokuwa ya kampuni inaweza kuwa bado imesajiliwa kwa kampuni hiyo. Inakaa vizuri kwa miezi, halafu siku mnayoisafisha ianze upya, inaunganishwa na intaneti na kudai akaunti ya ofisi ya Uingereza. Dawa ni kuomba muuzaji aisafishe hapo dukani, aiunganishe na intaneti, na mwone hatua za mwanzo mpaka inapouliza akaunti yenu. Jambo hili linachukua muda, kwa hiyo nendeni asubuhi. Pia aizime na kuiwasha akiingia BIOS mbele yenu, kuhakikisha hakuna neno la siri la mwenye zamani.

Bonyezeni kila herufi ya kibodi. Ingizeni flashi kwenye kila tundu. Chaja ya kutoka Uingereza ina pini tatu kama zetu, lakini ya Marekani ina pini mbili bapa, nanyi mtahitaji waya mwingine. Risiti iandikwe jina la kikundi pamoja na nambari ya mashine, si jina la aliyetumwa. Na muda wa dhamana uandikwe. "Ukiwa na shida utanipigia" si dhamana.

SIKU YA KWANZA NYUMBANI

Hapa tunaomba msome polepole, maana ndipo vikundi vinapoumia.

Windows 11 ya kawaida ikiwashwa mara ya kwanza hudai intaneti na akaunti ya Microsoft. Fundi kwa wema wake anaweza kuweka akaunti yake mwenyewe ili mambo yaende haraka. Msikubali. Laptopu nyingi za Windows 11, mara tu akaunti hiyo inapoingia, hujifungia diski zenyewe ili mwizi asisome yaliyomo. Ni ulinzi mzuri. Lakini ufunguo wa dharura, nambari ya tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti iliyoingia kwanza. Siku moja mashine inatengenezwa, inashtuka, na inadai tarakimu hizo. Kama ziko kwenye akaunti ya fundi aliyebadilisha nambari ya simu, hesabu zenu zimekwisha. Hakuna fundi mwingine wa kuzitoa.

Basi fungueni kwanza barua pepe ya kikundi, yenye jina la kikundi. Akaunti ifunguliwe kwa hiyo. Kisha ingieni kwenye akaunti, tafuteni ule ufunguo, na kuunakili kwa kalamu kwenye karatasi mbili.

Karatasi hizo ziwekwe wapi? Vikundi vya akiba vimekwisha kutufundisha jibu. Sanduku la pesa lina kufuli tatu na watu watatu wenye funguo, na hakuna anayelifungua peke yake. Fanyeni vivyo hivyo. Karatasi moja iingie ndani ya sanduku lile ikiwa katika bahasha iliyofungwa, pamoja na neno la siri la akaunti kuu. Ya pili ikae mahali pengine panapoaminika, nje ya nyumba inapolala laptopu. Nambari ya simu ya kurejesha akaunti isiwe ya katibu peke yake. Kwa kazi za kila siku katibu atengenezewe akaunti yake ndogo isiyo na mamlaka ya kuingiza programu. Akiondoka, akaunti yake inafutwa na kikundi kinaendelea. Katibu asione kwamba anashukiwa. Utaratibu huu unamlinda yeye pia, maana pesa zikipotea hatasemwa kwamba ni yeye pekee aliyekuwa na njia.

Sasa mambo madogo yanayoudhi. Kibodi ya Kiingereza cha Uingereza na ya Marekani zinatofautiana: alama ya @ na alama ya kufungua maneno zimebadilishana mahali. Ukibonyeza @ ikatokea nyingine, kibodi si mbovu, mpangilio ndio si wake. Badilisheni kabla ya kutunga neno la siri.

Tarehe ni hatari zaidi. Mashine iliyopangwa kwa Marekani husoma mwezi kwanza. Mkiandika 03/04 mkimaanisha tarehe 3 Aprili, yenyewe inaelewa Machi 4, na mkopo unaonekana umechelewa mwezi mzima. Mwanachama mwaminifu anatozwa faini na kelele zinaanza mkutanoni. Chagueni nchi iwe Kenya na saa iwe ya Nairobi, kisha jaribuni tarehe moja kabla ya kuingiza mia.

Kwa bando za simu, ingieni kwenye mipango ya mtandao na kuwasha Metered connection. Hapo masasisho makubwa hayatakula bando lote usiku mmoja. Lakini msiyazuie milele. Mara moja kwa mwezi ipelekeni mahali penye waifai ya kutosha, iachwe ijisasishe. OneDrive nayo hupenda kupeleka nakala za faili zenu mtandaoni bila kuuliza sana. Amueni kwenye mkutano kama mnataka, maana hizo ni habari za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeziweka azitunze.

Programu za hesabu na barua: LibreOffice ni ya bure na halali, na hufungua faili za Excel na Word. Ya wizi inayoletwa kwenye flashi ni bure kwa siku ya kwanza tu, kwa kuwa virusi huja nayo. Kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows inatosha kama masasisho yanaingia.

NAKALA

Nunueni flashi mbili siku ileile. Baada ya kila mkutano faili za hesabu zinakiliwa kwenye moja. Wiki ijayo kwenye nyingine. Flashi moja isilale nyumba moja na laptopu, maana mwizi au moto havichagui. Na kila miezi mitatu mweka hazina achukue flashi, aifungue kwenye kompyuta nyingine, na kusoma salio la wanachama watatu kwa sauti mbele ya mkutano, huku wenye salio wakilinganisha na vitabu vyao. Madaftari yenyewe msiyachome bado. Yaendeshwe sambamba kwa miezi sita.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

Katibu wetu akihama kesho asubuhi, ni nani mwingine anayeweza kufungua hesabu zetu, na kwa njia gani?

Ni habari gani za wanachama tunazotaka ziingie kwenye mashine, na zipi zibaki kwenye daftari?

Laptopu italala nyumba ya nani, na mwenye nyumba huyo amekubali mbele ya nani?