Kukata au kuunguza? Tiba ya umio kabla ya saratani

Tuseme uko nyumbani Endabash au Endulen. Babu ameanza kuloweka ugali kwenye maziwa ili ushuke. Nyama ameacha. Ukimwuliza anakujibu, "Uzee tu, mjukuu wangu." Usikubali haraka! Chakula kikianza kukwama kifuani, huenda ni saratani ya umio, na mara nyingi imeshakua.

Umio ni njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani yake inaonekana sana katika ukanda wa kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na kaskazini mwa Tanzania tumo.

Hatua isiyouma

Kabla ya saratani, seli za utando wa ndani hubadilika kimyakimya. Daktari hupitisha mdomoni mrija mwembamba wenye kamera, kisha hunyunyizia iodini. Utando mzima hugeuka kahawia, ulioharibika hubaki njano. Huko Bomet, Kenya, madaktari wa Hospitali ya Tenwek waliwapima hivyo watu wasio na dalili yoyote. Kumbe baadhi yao walikuwa na mabadiliko hayo!

Tiba zipi?

Zote hupitia mrija huohuo, bila kupasua kifua.

1. Kukata kwa kitanzi cha waya. Ni haraka, inafaa doa dogo. Doa likizidi sentimita 2 hivi, hukatwa vipandevipande, na ni vigumu kujua kama limeisha lote.

2. Kuchuna kwa kisu kidogo. Maji huingizwa chini ya doa ili liinuke, kisha huchunwa zima. Maabara huona kina na kingo zake vizuri. Lakini huchukua muda, hutaka daktari mzoefu, na umio unaweza kutoboka.

3. Kuunguza kwa joto au kugandisha kwa baridi kali. Hufaa eneo pana lisilo na kina. Ubaya wake, hakuna kipande kinachobaki cha kupima. Kama saratani ilijificha chini, hutaijua.

Kwa hiyo doa linalotiliwa shaka ni afadhali likatwe. Eneo kubwa likitibiwa kwa pamoja, kovu linaweza kubana umio. Na saratani ikishazama ndani, tiba hizi hazitoshi.

Wewe ufanye nini?

Msindikize babu kituo cha afya, muombe rufaa. KCMC Moshi wana kipimo cha kamera. Ni safari ndefu, ndiyo, lakini kungoja ni hatari zaidi.

Wewe mwenyewe acha sigara, ugoro na pombe. Chai je? Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema vinywaji vyenye joto zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hii. Waliopima chai Kilimanjaro walikuta watu wakiinywa kwenye nyuzi 70 hivi. Basi iache ipoe kwanza!

Jipime

1. Tiba ipi haiachi kipande cha kupima?
2. Bibi alikatwa doa, sasa anakula vizuri. Daktari alimwambia arudi. Je, aende?

Majibu: 1. Kuunguza au kugandisha. 2. Aende! Doa jipya linaweza kutokea, nalo haliumi.