Kugeuza Mwongozo wa Tiba Kuwa Slaidi: Kufupisha Bila Kupoteza Masharti

Utangulizi

Mwongozo wa tiba huandikwa ili usomwe na kurejewa kila haja inapotokea. Slaidi hutengenezwa ili zitazamwe kwa muda mfupi huku mtu akizieleza. Wahudumu wengi wa afya huujua mwongozo mpya kwanza kwa njia ya slaidi, katika semina ya siku moja au mbili, na waraka wenyewe huwafikia baadaye, au hubaki katika kabati la ofisi. Kwa sababu hiyo, anayeugeuza waraka kuwa slaidi ana dhamana kubwa: maneno anayoyaacha yanaweza yasimfikie kamwe mhudumu aliye mbele ya mgonjwa.

Makala haya yanafafanua namna ya kuifanya kazi hiyo kwa usalama. Mfano unaotumika ni matibabu ya mtoto anayeharisha na kupungukiwa maji mwilini, kama yalivyopangwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa watoto wenye umri wa miezi 2 hadi miaka 5. Hoja kuu ni moja: kipimo cha dawa kisitenganishwe na sharti lake.

Mwongozo umejengwaje?

Waraka wa kitaalamu una ngazi: sura, vifungu, majedwali, na tanbihi. Ngazi hizo humwongoza msomaji atoke katika jambo la jumla hadi mahususi. Hata hivyo, chini ya muundo huo unaoonekana kuna muundo mwingine ulio muhimu zaidi. Kila agizo la tiba, likitazamwa vizuri, lina sehemu nne: nani atibiwe, apewe nini na kwa kiasi gani, kwa muda gani, na nani asihusishwe. Sehemu hizo nne zikikaa pamoja, agizo linatumika. Moja ikikosekana, agizo huweza kudhuru.

Zipo programu za kompyuta, kama vile Pandoc, zinazoweza kusoma waraka ulioandikwa kwa vichwa vya ngazi mbalimbali na kutoa slaidi zenyewe. Kila kichwa cha ngazi fulani huanzisha slaidi mpya, na aya zilizo chini yake huwa maudhui ya slaidi hiyo. Njia hii huokoa muda na hupunguza makosa ya kunakili tarakimu kwa mkono. Lakini programu hutambua vichwa tu, haitambui maana. Jedwali refu litafurika nje ya slaidi, na tanbihi iliyobeba onyo huweza kutupwa mbali na jedwali lake. Kazi ya kulinda uzima wa agizo hubaki kwa mwanadamu.

Funzo kutoka nje ya tiba

Hatari ya kufupisha vibaya ilionekana wazi katika ajali ya chombo cha anga za juu cha Marekani, Columbia. Tarehe 16 Januari 2003, muda mfupi baada ya chombo hicho kurushwa, kipande cha povu la kukinga joto kilibanduka kutoka kwenye tangi la mafuta na kugonga bawa la kushoto. Wakati wanaanga wakiwa bado angani, wahandisi walichunguza kama bawa lingeweza kuwa limeumia, na matokeo yao yakawasilishwa kwa viongozi kwa njia ya slaidi.

Kichwa cha slaidi mojawapo kilitoa picha ya kutia moyo kuhusu data za majaribio. Taarifa nzito kuliko zote iliwekwa chini kabisa, kwa herufi ndogo: povu lililogonga bawa lilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio yaliyotegemewa yalitumia kipande cha inchi 3 tu. Hiyo ni takriban lita 31 zikilinganishwa na mililita 49. Tofauti ya mara 640. Yaani majaribio hayo hayakuwa kipimo cha kile kilichotokea.

Tarehe 1 Februari 2003 chombo kilivunjika wakati wa kurejea, na wanaanga wote 7 wakapoteza maisha. Bodi iliyochunguza ajali hiyo iliona kwamba kiongozi angeweza kuisoma slaidi hiyo bila kutambua kuwa inahusu jambo la kufa na kupona, na ikakosoa mazoea ya kutumia slaidi mahali pa taarifa kamili za kiufundi. Tarakimu zilikuwemo, lakini mpangilio ulizinyamazisha.

Mfano: mtoto mwenye upungufu mkali wa maji

Katika mwongozo wa watoto, upungufu wa maji hugawanywa katika madaraja, na kila daraja lina mpango wake. Mpango A ni wa mtoto asiye na dalili za kutosha za upungufu wa maji, hutibiwa nyumbani. Mpango B ni wa upungufu wa wastani: mtoto hupewa kituoni maji ya ORS mililita 75 kwa kila kilo ya uzito, kwa muda wa saa 4. Mtoto wa kilo 8, kwa mfano, atahitaji mililita 600. Mpango C ni wa upungufu mkali, nao huhitaji dripu kwa haraka.

Chukulia slaidi ya Mpango C iliyoandikwa hivi: "Ringer's lactate, mililita 100 kwa kilo, toa 30 kwa dakika 30, kisha 70 kwa saa 2 na nusu." Kila tarakimu iliyomo imenakiliwa sawasawa kutoka kwenye mwongozo. Hata hivyo, slaidi hii ni ya hatari, kwa sababu safu ya umri imeachwa. Muda huo ni wa mtoto mwenye umri wa miezi 12 na kuendelea. Mtoto aliye chini ya miezi 12 hupewa mililita 30 kwa kilo kwa muda wa saa 1, kisha mililita 70 kwa kilo kwa saa 5. Mtoto wa miezi 9 mwenye kilo 8 anapaswa kupata mililita 240 katika saa ya kwanza, na mililita 560 katika saa 5 zinazofuata. Mhudumu aliyefundishwa kwa slaidi ile pungufu atampa jumla ileile ya mililita 800 kwa saa 3 badala ya 6.

Kuna upungufu wa pili ulio mgumu zaidi kuonekana. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hafuati Mpango C wa kawaida. Moyo wake huelemewa kwa urahisi na maji mengi ya haraka. Kwa hiyo hurudishiwa maji taratibu zaidi, hasa kwa mdomo au kwa mpira wa puani, na dripu hutengewa mtoto aliye katika mshtuko, kwa utaratibu wake maalumu. Katika waraka, onyo hili lina kifungu chake. Katika slaidi ya Mpango C, lisipoandikwa hapohapo, msikilizaji hana namna ya kujua kwamba lipo.

Upungufu wa tatu huwahusu zaidi walio katika vituo vidogo. Mpango C hauishii kwenye dripu. Unauliza maswali kwa mfuatano: Je, dripu inaweza kuwekwa hapa sasa hivi? Kama haiwezekani, je, ipo karibu, ndani ya dakika 30? Kama haipo, je, mhudumu amefunzwa kuweka mpira wa puani? Kama hapana, je, mtoto anaweza kunywa? Anayeweza kulishwa kwa mpira au kunywa hupewa ORS mililita 20 kwa kilo kwa saa, kwa saa 6. Asiyeweza kupata lolote kati ya hayo hupewa rufaa ya haraka. Mtengenezaji wa slaidi anayefanya kazi katika hospitali kubwa huweza kuyaona maswali haya kuwa ya ziada na kuyafuta. Kwa mhudumu wa zahanati isiyo na dripu, hayo ndiyo kiini cha mpango wenyewe.

Hatua za kufuata

1. Soma waraka wote kabla ya kufungua programu ya slaidi. Orodhesha maamuzi ambayo mhudumu atatakiwa kuyafanya. Jenga slaidi kwa kufuata maamuzi hayo, hata kama mpangilio wake utatofautiana na ule wa sura za waraka.

2. Kila slaidi ibebe uamuzi mmoja. Kichwa kiwe sentensi kamili yenye sharti ndani yake. "Upungufu mkali wa maji, chini ya miezi 12: dripu kwa saa 6" humfaa msomaji kuliko "Mpango C".

3. Weka tofauti zote za agizo katika slaidi ileile yenye kipimo. Kama hazienei, gawanya slaidi kwa umri au kwa hali ya mgonjwa. Usipunguze ukubwa wa herufi, wala usihamishie onyo kwenye tanbihi. Kanuni ya kuhesabu mistari na maneno ya slaidi isipewe nafasi ya kukata sharti.

4. Usitegemee rangi peke yake. Chati za mwongozo huu hutumia waridi kwa hali ya hatari, njano kwa matibabu ya kituoni, na kijani kwa huduma ya nyumbani. Slaidi zikichapishwa kwa wino mweusi, rangi zote huwa kijivu. Andika jina la daraja kwa maneno pia.

5. Weka mfano wa hesabu wenye uzito na umri wa mtoto, kisha waombe wasikilizaji wakokotoe mfano mwingine. Makosa ya slaidi mara nyingi hugunduliwa hapo.

6. Taja katika kila slaidi yenye kipimo jina la mwongozo, mwaka wa toleo, na ukurasa. Vipimo hukaguliwa upya, na slaidi za zamani huendelea kusambazwa kwa miaka mingi.

7. Mtu wa pili alinganishe kila tarakimu, kizio, na nukta ya desimali na waraka wa asili. Aliyeandika huona alichokusudia kuandika.

8. Toa kitini chenye jedwali kamili. Slaidi iongoze mazungumzo. Kitini ndicho kitakachobaki mezani wakati mtoto anapoletwa usiku.

Slaidi kwa wagonjwa na walezi

Ujumbe wa kliniki ya watoto, uwe kwenye skrini au kwenye bango kitita, hufuata kanuni ileile. Mlezi hahitaji mililita kwa kilo, bali anahitaji masharti yake. Mpango A una mambo manne ya kumweleza: mpe mtoto maji ya ziada, mpe zinki kwa siku zote alizoelekezwa hata kama kuhara kumekoma, endelea kumlisha na kumnyonyesha, na ujue wakati wa kurudi kituoni.

Hapa pia kuna maneno yasiyokatwa. "Changanya ORS kwa maji safi na salama" haitoshi, kwa kuwa pakiti zina ukubwa tofauti. Nyingi ni za lita 1, nyingine ni za kiasi kidogo zaidi. Ujumbe kamili humwambia mlezi asome kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na amwage mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24. Vivyo hivyo, "rudi mtoto akizidiwa" ni kauli isiyoshikika. Taja dalili: hawezi kunywa wala kunyonya, ana damu kwenye kinyesi, amepata homa, au hali yake inazidi kuwa mbaya. Mlezi naye ana haki ya kuuliza pale ujumbe unapotaja dawa bila kusema ni ya umri gani.

Hitimisho

Ufupi ni sifa njema ya slaidi, lakini usalama wa mgonjwa hutegemea kilichobaki baada ya kufupisha. Mtengenezaji wa slaidi ajiulize swali moja kwa kila ukurasa: mhudumu akiwa na slaidi hii tu, bila waraka na bila mkufunzi, atampa dawa mgonjwa gani, kiasi gani, kwa muda gani, na atamwacha nani? Slaidi isiyojibu sehemu zote nne irudishwe kwenye waraka na kuandikwa upya kabla ya kuonyeshwa.