Somo la 9: Pipa la Maji Linalonuka

Soma 2 Wafalme 2:19-22.

Maji ya Yeriko yalikuwa mabaya. Elisha alikwenda mpaka chemchemi yenyewe, na Mungu akayaponya. Nasi pipa letu likinuka kama yai bovu, tusiongeze tu maji mapya juu ya yale ya zamani. Harufu inatoka katika utelezi ulioshika ndani na matope yaliyolala chini. Humo vijidudu vinakaa.

Wapendwa, fanyeni hivi:

1. Mwageni maji yote.
2. Sugueni pipa, kifuniko na robine kwa brashi na sabuni. Suuzeni.
3. Jazeni maji safi. Kwa pipa la plastiki la lita 200, tieni mililita 200 za Javel isiyo na manukato, yenye klorini 5 kwa mia. Msiichanganye na siki wala dawa nyingine. Funikeni, mwache usiku kucha, saa 12. Mtu asinywe maji hayo!
4. Mwageni, msuuze mpaka harufu ya Javel iishe.

Lakini jueni neno hili: maji yasiyonuka yaweza kuwa na kolera. Pua haioni kijidudu. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemke kabisa, hata kama pipa ni safi. Mtoto akiharisha maji-maji, mleteni hospitali upesi, mkimnywesha njiani.

Maulizo: Harufu inatoka wapi? Kwa nini tunachemsha maji yasiyonuka?