Video za nduthi zikianza kuleta pesa

Wadau, nauza glavu na helmeti mtandaoni. Video za nduthi nilianza kwa raha tu. Duka moja lilipoanza kunilipa kwa hizo video, likakata 5% ya kodi ya zuio, nikadhani nimemalizana na kodi. Kumbe hayo ni malipo ya awali tu. Kufikia 30 Juni lazima niandike mapato yote kwenye ritani ya KRA, ndipo ile 5% itolewe kwenye kodi ninayodaiwa.

Kwa gharama ndipo niliumia. Mafuta yalinila 60,000 mwaka mzima, nikawa na mfuko wa risiti za kawaida. Hazikusaidia: tangu Januari 2024 gharama nyingi hazikubaliki bila ankara ya eTIMS. Na hata ningekuwa nazo, singekata yote. Kati ya kilomita 6,000, za kurekodi zilikuwa 2,000, kwa hivyo ni 20,000 pekee. Zingine nilikuwa naenda kwa shemeji. Kamera nayo hukatwa kidogo kidogo kila mwaka.

Kama uko kwa kodi ya mauzo ya 3%, gharama sahau, hiyo hukatwa kwa mauzo yote.

Siku hizi naandika kilomita kwa daftari kabla sijavua helmeti.