Acha Mtoto Asugue Benchi

Nenda ukatazame mechi ya watoto Jumamosi asubuhi, iwe ni uwanja wa Jaffery hapa Lavington au kiwanja cha shule yoyote karibu na Muthangari, na utazikuta timu tatu. Mbili ni za watoto. Ya tatu ni ya wazazi, nayo huwa na kelele kuliko zote. "Piga! Rudi nyuma! Refa, huoni?" Mtoto wa miaka tisa humtazama kocha, akamgeukia baba, na mpira ukampita.

Wengi wetu mtaani hapa tunalipia kuogelea, tenisi, raga na akademia za soka tukitumaini kwamba mtoto atajifunza kutokata tamaa. Ada hulipia kocha na kiwanja. Uvumilivu mtoto huupata anapofungwa, anapochoka, anapokosa namba kikosini, na hapo hasa ndipo sisi wazazi hukimbilia kumwokoa.

Tuanze na benchi. Mtoto amesugua benchi mechi nzima na amekasirika. Usimpigie kocha simu usiku. Mwambie amwendee mwenyewe baada ya mazoezi amuulize, "Kocha, nifanye nini nipate namba?" Akiwa mdogo au mwoga, lifanyieni mazoezi swali hilo nyumbani, kisha msindikize na usimame kando. Jibu huenda likamchoma: hurudi kukaba, mguu wa kushoto huutumii, wiki jana hukuja. Sasa ana kazi inayojulikana. Dakika kumi kila jioni za kupiga mpira ukutani kwa mguu wa kushoto zinatosha, ikiwa kamati ya ghorofa lenu itakubali. (Huku kwetu magari yametengewa nafasi kubwa kuliko watoto.)

Akifungwa, mpe maji na ndizi, halafu unyamaze. Foleni ya barabara ya James Gichuru ni ndefu na inakushawishi uanze uchambuzi wa mechi, jizuie. Akitaka kuongea ataanza yeye. Jioni, hasira zikishapoa, muulize ni jambo gani leo limemwendea vizuri kuliko juma lililopita, na lipi angependa kulifanyia mazoezi. Unapomsifu, taja kitu ulichokiona: "Yule winga alikupita, lakini ulimfukuza tena." Mtoto akiambiwa kila mara kwamba ana kipaji, siku atakayoshindwa atadhani kipaji kimemtoka.

Kuhusu refa, mwoneshe mbio za mwanariadha wetu Faith Kipyegon katika Olimpiki ya Paris, Agosti 2024. Alimaliza wa pili katika mita 5,000, kisha akaenguliwa kwa kosa la kumzuia mwenzake. Kenya ikakata rufaa, akarudishiwa medali yake ya fedha. Siku tano baadaye akashinda dhahabu ya mita 1,500. Lalamiko lilipitia njia yake, naye mkimbiaji akajiandaa kwa mbio zilizofuata. Mzazi anayemtukana refa wa mechi ya watoto anafundisha kinyume chake, tena mbele ya darasa zima.

Siku moja atakwambia anataka kuacha. Hapa ni afadhali muwe mmeshakubaliana kabla ya kununua njumu: tukianza, tunamaliza muhula. Muhula ni kipimo kizuri, na hata michezo ya shule za upili Kenya hupangwa kwa mihula. Wenzake wanamtegemea hadi mwisho, na uamuzi wa kuacha haufanywi usiku wa kufungwa. Muhula ukiisha na bado hataki, mwache abadilishe bila kumsimanga. Ferdinand Omanyala alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kuingia mbio fupi mwaka 2015. Septemba 2021, pale Kasarani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika.

Mambo madogo nayo yana kazi. Begi alibebe mwenyewe, njumu azisafishe mwenyewe, na akisahau soksi, usizikimbize uwanjani. Na kama timu yake hucheza na watoto wanaolipiwa ada tu, tafuta kocha wa Kawangware, ambako ni karibu tu, mpange mechi za kirafiki. Atakutana na wenzake waliozoea kucheza kwenye vumbi, na huenda wakamfunga mabao mengi. Itamfaa.

Lakini yapo ambayo mtoto hapaswi kuyavumilia. Maumivu ya goti au kifundo yasiyokwisha ni ya daktari. Akigongwa kichwani, anatoka uwanjani na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa, hata ikiwa ni fainali. Na kocha anayempiga mtoto au kumtukana hamfundishi ukakamavu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza adhabu ya viboko na mateso ya kisaikolojia kwa wanafunzi. Hapo usisubiri muhula uishe. Mtoe mtoto siku hiyo hiyo, hata kama umelipa ada ya mwaka mzima, kisha umripoti kocha huyo.