Barafu ya Mlima Ruwenzori

Sisi watu wa Muheto twajua baridi. Asubuhi ukungu hufunika vilima, na wachungaji wa ng'ombe hujifunika nguo nzito. Lakini vilima vyetu havina barafu. Upande wa kaskazini, mbali kupita Ziwa Edouard, uko mlima wenye barafu mwaka mzima. Jina lake ni Ruwenzori. Umesimama mpakani mwa Kongo na Uganda. Kilele chake kirefu kuliko vyote chaitwa Margherita. Kimo chake ni metri 5,109.

Huko juu huanguka theluji, yaani barafu laini nyeupe kama unga. Theluji ya leo huilalia ya jana, na uzito wake huikaza hata iwe barafu ngumu. Barafu hiyo hushuka polepole mno, ikichukua mawe na udongo. Inapokoma huacha tuta kubwa la mawe. Barafu ikiyeyuka, tuta hubaki.

Wataalamu waliopanda mlima huo waliona matuta ya namna hiyo mbali sana chini ya barafu ya leo. Basi wakajua kwamba zamani palikuwa na baridi kali kuliko sasa. Lakini zamani gani? Nani awezaye kuhesabu miaka ya jiwe?

Sikilizeni njia yao. Toka mbali angani huja mionzi isiyoonekana kwa macho, nayo hupiga mawe yaliyo wazi. Ndani ya jiwe hufanyika, kidogo kidogo, kitu kiitwacho berili. Chungu kikaacho motoni kila siku huzidi masizi. Vivyo hivyo jiwe likaalo wazi huzidi berili. Wataalamu walikata vipande vya mawe ya matuta, wakavipima. Mwaka 2019 Margaret Jackson na wenzake walitangaza jibu: barafu ya Ruwenzori ilianza kurudi nyuma yapata miaka 20,000 iliyopita.

Kwa habari za karibu zaidi tunao ushahidi mwingine. Mwaka 1906 Luigi wa Savoia, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliupanda mlima pamoja na Vittorio Sella, mpiga picha. Wakati ule milima sita ya Ruwenzori ilikuwa na barafu, jumla kadiri ya kilometa za mraba 6 na nusu. Mwaka 2003 ilibaki kama kilometa moja ya mraba tu, juu ya milima mitatu: Stanley, Speke na Baker. Richard Taylor na wenzake, waliotangaza vipimo hivyo mwaka 2006, waliona kwamba sababu ni kuzidi kwa joto la hewa. Tangu hapo barafu imezidi kupungua.

Joto hilo latoka wapi? Duniani kote watu huchoma makaa ya mawe, petroli na misitu. Hewa ya kaboni itokayo humo hulizuia joto lisitoke, kama blanketi mwilini.

Je, barafu ikiisha, mito ya Ruwenzori itakauka? La. Maji yake mengi hutoka katika mvua. Lakini barafu ni mjumbe: yatuambia kwamba hali ya hewa yageuka upesi. Mkulima wa Masisi hupanda maharage na viazi kwa kufuata majira. Majira yakivurugika, njaa hubisha hodi. Kwa hiyo tusikate ovyo miti ya mitelemko, maana mizizi hushika udongo mvua kubwa isiuchukue. Mungu alimpa mtu dunia ailime na kuitunza.

Maulizo
1. Theluji hugeukaje kuwa barafu ngumu?
2. Kwa nini jiwe limefananishwa na chungu?
3. Mwaka 1906 barafu ilikuwa juu ya milima mingapi? Na mwaka 2003?
4. Uliza wazee wa kwenu: zamani mvua za kupandia zilianza mwezi gani? Na sasa?